Kabla ya Kushika Spana

Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa na mwezi mmoja tu, Wajerumani walikuwa na chombo kimoja cha kivita katika Ziwa Viktoria lote. Kiliitwa Muansa, jina la mji wa Mwanza kwa tahajia yao, na hakikuundwa kwa ajili ya kupigana. Kilikuwa tagi, boti la kukokota matishari, likafungwa mzinga mdogo na kupelekwa kaskazini hadi Karungu, ambako kiliizuia meli ya Waingereza Winifred kushusha askari. Winifred ikarudi na mwenzake, Kavirondo, na Muansa ikalazimika kuondoka. Baadaye Waingereza waliibana, na Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe isije ikatekwa. Kisha wakaiibua, ikaendelea kubeba mizigo bila mzinga. Masimulizi ya vita hiyo huipa Muansa sentensi mbili tatu: ilipigana, ikabanwa, ikazama. Kuibuliwa kwake hupewa nusu sentensi. Chombo hakiibuki chenyewe. Lazima wako watu waliopiga mbizi, waliofunga minyororo, waliochota matope ndani ya chumba cha injini na kuparua kutu mpaka moshi ukatoka tena kwenye bomba, na hao hawapewi hata neno moja. Ninachoshikilia ni kwamba ile nusu sentensi ndiyo kiini cha habari. Mashine za vita za ukanda huu zilishinda au zilishindwa karakanani kabla ya kufika uwanja wa mapigano. Kwa hiyo mtu anayelifufua gari kuukuu la jeshi uani kwake, Mwanza au kokote kando ya ziwa, anashika sehemu ya historia ambayo waandishi waliiacha, mradi aishike kwa utaratibu.

Tazama tofauti ya Kisumu na Mwanza. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Hata kabla ya hapo, vipande vya meli ndogo William Mackinnon vilikuwa vimekwisha kupelekwa ziwani kutoka pwani, na mwaka 1900 ikashushwa majini. Baada ya reli, kila meli ya Waingereza ililetwa vipande vipande na kupigwa ribiti Kisumu, na kwa kufanya hivyo mji ukapata gati, karakana na mafundi. Mwanza haikuwa na reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza halikukamilika hadi 1928. Katika miaka yote ya vita, kipuri chochote cha Muansa ambacho hakikuweza kuchongwa papo hapo kilipaswa kupanda juu ya vichwa vya wapagazi. Sasa linganisha ajali mbili. Mwishoni mwa 1914 meli ya Waingereza Sybil ilikwama pwani ya Majita, ndani ya eneo la Wajerumani, katika mkoa ambao leo ni Mara. Mwaka 1915 Waingereza waliirudia, wakainasua, na ikarejea kazini. Muansa nayo ilizama ikainuliwa, lakini haikuwa tena chombo cha vita. Vyombo viwili vilipatwa na mkasa wa aina moja. Kimoja kilikuwa na karakana nyuma yake, na kingine kilikuwa na ustadi wa watu wachache mbali na reli.

Mtu anaweza kusema kwamba naipa spana uzito usio wake, kwa kuwa Waingereza walikuwa na meli nyingi na wingi wa meli unatosha kueleza ushindi wao ziwani. Pingamizi hilo lina haki yake, kwani tagi moja haliwezi kupambana na kundi la meli hata likiwa na fundi bora duniani. Lakini wingi wenyewe ulitoka wapi? Ziwa Viktoria halina mlango wa kuingia kutoka baharini. Liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mto wake mmoja unaotoka una maporomoko. Hakuna meli kubwa iliyolifikia kwa kuelea. Kila moja ililetwa ikiwa masanduku ya mabamba na boliti, ikaunganishwa na mikono ya watu. Kuhesabu meli za ziwa hili ni kuhesabu kazi za karakana.

Pwani ushahidi ni mzito zaidi. Alfajiri ya 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, imetia nanga, haiwezi kwenda kokote kwa sababu mitambo yake ilikuwa katika matengenezo. Ikapigwa na kuzama. Ndipo zamu ikageuka: Königsberg nayo iliharibika mtambo, ikajificha katika delta ya Rufiji, na vipuri vilivyovunjika vikaburutwa nchi kavu na mamia ya Waafrika hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ileile. Vilipofika, mlango wa mto ulikuwa umekwisha kufungwa na meli za Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa humo humo. Hata hapo karakana haikumaliza kazi. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa kutoka kwenye mabaki, ikachongewa magurudumu Dar es Salaam, na mizinga ya melini ikageuka kuwa mizinga ya nchi kavu. Mmoja uliletwa mpaka Mwanza. Leo inayojulikana kubaki ni mitatu: mmoja uko Pretoria, mmoja Fort Jesus Mombasa, na mmoja Jinja, kwenye ufuko uleule wa Ziwa Viktoria. Majina ya makamanda wa manowari hizo mbili yamehifadhiwa. Ya waliovuta vipuri kutoka Rufiji hayakuandikwa popote panapofikika kwa urahisi, ingawa bila wao Königsberg isingekuwa na injini, na mizinga ile isingepata magurudumu.

Kisa kinachofundisha zaidi kiko ziwa jirani. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kutiwa katika maelfu ya masanduku, ikavushwa bahari na kupakiwa garimoshi hadi Kigoma, ikashushwa katika Ziwa Tanganyika Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuiacha Kigoma, mafundi waliotoka nayo Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Amri ilikuwa kuizamisha, lakini walichagua namna ya kuizamisha: waliipaka mitambo grisi nene kabla ya kufungua maji. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza waliiinua Machi 1924, karibu miaka minane tangu ilipozama mara ya kwanza, na injini na boila zake zikakutwa bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikabeba abiria wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu kwa vizazi vitatu. Waliomiliki meli ile walibadilika mara tatu, na kila mmoja alikuwa adui wa mwingine au mshindani wake. Grisi haikujua bendera. Rüter alifanya jambo ambalo kila anayefufua mashine hulitamani kutoka kwa mtu aliyeitumia kabla yake: alifikiri kwa niaba ya fundi asiyemjua.

Mwanza ilianguka mikononi mwa Waingereza 14 Julai 1916, siku kumi na mbili kabla ya Götzen kuzamishwa, na kwa zaidi ya miaka sitini vita haikurudi kwa sura hiyo. Iliporudi, Oktoba 1978, ilikuja kwa magurudumu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ilipaswa kulihamisha jeshi zima kutoka kila pembe ya nchi hadi ng'ambo ya ziwa, katika msimu wa mvua, kwa barabara za udongo. Magari ya jeshi hayakutosha, na malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kwa kazi hiyo. Wanaoikumbuka vita hiyo husimulia zaidi mizinga ya roketi iliyopewa jina la Saba Saba. Lakini roketi hupanda lori, na lori hutaka dizeli, feni belti, pachi ya mpira na mtu wa kulala chini yake kwenye tope. Adui mwenyewe alilijua hilo. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kupiga ghala la mafuta la Mwanza. Ikakosa, na mabomu yakaangukia hifadhi ya Kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Kati ya vyote vilivyokuwepo Mwanza, kilicholengwa kilikuwa mafuta ya magari. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatwaliwa.

Magari ya vita kama hiyo hayaishi siku moja na vita. Yanarudi kambini yamechoka, yanapakwa rangi, yanatumika miaka mingine, yanakufa nyuma ya karakana, na hatimaye yanauzwa kwa mnada. Ndiyo njia inayoifikisha Land Rover ya kijeshi kwenye ua wa raia, pamoja na karatasi zake, ambazo ni lazima ziwepo na zilingane na namba ya chesisi kabla ya senti moja kutoka mfukoni. Nachukua mfano wa Land Rover 109 ya miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa majeshi, polisi, magereza na misheni za pande zote za ziwa ziliitumia, na kwa kuwa injini yake ya petroli ya silinda nne, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, ni kitabu kilicho wazi kwa anayetaka kusoma. Ya kijeshi hujitambulisha: baadhi zilifungwa umeme wa volti 24 badala ya 12 kwa ajili ya redio, na nyaya zake za plagi zilivikwa chuma ili cheche zisivuruge mawasiliano. Bodi yake ni ya aloi ya aluminiamu na haipati kutu, jambo linalowadanganya wanunuzi wengi, maana chesisi iliyo chini yake ni ya chuma. Kando ya ziwa, gari lililolala nje miaka kumi laweza kung'aa juu na kuwa ungo chini. Nyundo ndogo na masikio hutoa jibu: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga.

Kosa linaloua injini nyingi za aina hii hutendwa siku ya kwanza, tena kwa furaha. Gari limefika nyumbani, majirani wamekusanyika, na mtu anapendekeza livutwe na gari jingine ili liwake. Injini iliyolala miaka ina ringi zilizoganda kwenye kuta za silinda na vali zilizokwama wazi. Kuivuta kwa nguvu ni kuvunja ringi, kupinda fito za kuinulia vali, na pamoja na hayo kupoteza ushahidi wote wa kwa nini iliacha kufanya kazi. Mwenye subira anaanza kwa plagi. Anazifungua moja moja na kuzipanga juu ya ubao kwa namba zake, kwa sababu kila plagi ni shahidi wa chumba kimoja. Nyeusi kavu yenye masizi yasema petroli ilizidi hewa. Iliyolowa mafuta ya injini yashitaki ringi au miongozo ya vali. Yenye rangi ya kahawia ya chai ya maziwa yasema silinda yake ilikuwa na afya gari lilipozimwa kwa mara ya mwisho. Plagi tatu za kahawia na moja iliyolowa zinamwambia atazame wapi. Kisha anamimina mafuta mepesi katika kila tundu, anasubiri siku kadhaa, na anazungusha injini kwa hendeli, kwa mkono, taratibu, akisikiliza inapogoma.

Hapo ndipo panapotenganisha kutafuta ugonjwa na kubadilisha vipuri. Mafuta ya injini yakitoka na rangi ya maziwa, wengi hutamka palepale kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa. Huenda ni kweli. Lakini gari lililosimama miaka katika unyevunyevu wa ziwa, likipata joto mchana na baridi usiku, laweza kukusanya maji ndani ya injini bila gasketi kuwa na kosa lolote. Kipimo cha kompresheni ndicho mwamuzi. Kwanza kinapigwa silinda zikiwa kavu, kisha kwa kijiko kidogo cha oili katika kila silinda. Namba ikipanda baada ya oili, ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yake, na sasa ni halali kufungua hedi. Dakika ishirini za kupima huweza kuokoa wiki mbili za kufungua na kufunga. Ndivyo anavyofanya pia mwanahistoria mwangalifu akipata barua yenye madai makubwa: haipuuzi wala haiamini, anatafuta shahidi wa pili asiyemjua wa kwanza.

Moto ukikosekana, plagi mpya huwa za kwanza kununuliwa na mara nyingi hazikuhitajika. Platini zilizokaa bila kazi huota utando usioonekana unaozuia umeme. Kuzisugua kwa msasa laini na kurudisha nafasi yake kuwa kati ya milimita 0.35 na 0.40 hutosha mara nyingi. Kama kabureta inapiga chafya na injini inatetemeka bila kushika, kabla ya kulaumu kitu chochote kilicho ghali, nyaya zifuatwe kwa kidole kutoka distributa hadi silinda kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa maana huenda aliyefungua miaka mingi iliyopita alizirudisha kwa kukisia. Injini ikiwaka lakini inamisi, waya mmoja mmoja wa plagi unachomolewa kwa koleo yenye mpira. Silinda ambayo haileti tofauti ikichomolewa ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Petroli ya zamani imegeuka utomvu ndani ya tangi na haifai kujaribiwa. Injini ilishwe kwa kopo dogo safi mpaka ijulikane tabia yake, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Mwanza ina mambo yake, na mwongozo ulioandikwa Uingereza hauyasemi. Katika kimo cha ziwa hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyopangwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana, na gari litatoa moshi mweusi kiasi na kupungua nguvu hata likiwa zima kabisa. Anayeijua hali hiyo hatatupa kabureta nzuri. Asiyeijua atanunua nyingine, na moshi utabaki. Lakini moshi huohuo mweusi, ukifuatana na injini kuzimika ikipata moto, waweza kuwa ugonjwa halisi wa kabureta za Zenith zilizofungwa kwenye nyingi za Land Rover hizi: kifuniko chake hupinda kwa joto, petroli ikapita pasipostahili. Kioo bapa na kipande cha msasa hulimaliza tatizo hilo bila gharama. Maji nayo huchemka hapa kwa takribani nyuzi 96 badala ya 100, kwa hiyo mfuniko wa redieta usioshika presha, ambao pwani ungevumiliwa, Mwanza utaleta mvuke kwenye mlima wa kwanza, na mtu atafungua hedi akitafuta ufa usiokuwepo.

Pingamizi kubwa kuliko yote hutoka kwa mafundi wenyewe, na linastahili heshima. Wanasema: kwa nini usumbuke na injini ya petroli inayokula mafuta namna hiyo, na Nyakato, hapa Mwanza, kuna injini za dizeli za Kijapani ambazo vipuri vyake viko kila duka? Chomoa, funga, endesha. Kwa gari linalotafutia watu riziki, linalobeba dagaa kutoka mwaloni au mahindi kutoka Magu, sina jibu la kuwapinga. Meli zinafuata kanuni hiyohiyo. Liemba iliachana na mvuke ikapewa dizeli katika miaka ya 1970, na MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya na jina jipya. Hakuna mwenye akili atakayetaka abiria wavuke kwenda Bukoba usiku kwa mtambo uliochakaa ili kumfurahisha mwanahistoria. Lakini gari la uani halidaiwi riziki. Limehifadhiwa kwa sababu ya lilichopitia, na sehemu kubwa ya lilichopitia imeandikwa ndani ya injini. Ninalopinga ni kuchomoa kabla ya kupima. Injini ikishapimwa ikaonekana krenki imepasuka na bloku imetoboka, ibadilishwe, na hali yake iandikwe. Nyingi hutupwa zikiwa na kosa la platini.

Upande wa pili wako wanaotaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kila boliti ya asili, kila kiraka kiondolewe. Hawa nao wanafuta historia, kwa heshima zote. Fungua Land Rover iliyotumika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita kuimaliza hazina na mafuta kupanda bei, wakati fedha za kigeni hazikupatikana na vipuri vilikuwa kama dhahabu. Utakuta gasketi ya pampu iliyokatwa kwa wembe kutoka kwenye boksi gumu, kibano cha bomba kilichopindwa kwa nondo, kiraka cha bati la kopo la mafuta ya kupikia kilichopigwa ribiti kwenye sakafu, boliti ya lori ikishika kazi ya boliti ya Land Rover baada ya kutobolewa upya. Mwenye kiwanda huyaita hayo uharibifu. Mimi nayaona kuwa nyaraka, tena za watu walewale walioachwa nje ya vitabu tangu Muansa. Kinachohatarisha maisha kiondolewe bila huruma: breki, usukani, waya zilizochubuka, na vumbi la breki kuukuu lisipulizwe kwa mdomo kwa kuwa linaweza kuwa na asbesto. Kisichohatarisha kiachwe, au kikitolewa kihifadhiwe pamoja na maelezo.

Lipo na swali zito zaidi, la wale wanaoona kufufua gari la jeshi ni kuitukuza vita. Katika mkoa wenye jirani kama Kaboya, Muleba, ambako askari waliokufa katika vita ya Kagera wamezikwa, swali hilo halifai kupuuzwa. Naafiki kwamba gari lisiendeshwe barabarani kwa rangi na alama za jeshi, maana hata sare zinazofanana na za jeshi raia hakatazwi bure kuzivaa, na silaha yoyote haina nafasi katika kazi hii. Lakini naona mzinga wa Jinja ukisimama kimya, umepakwa rangi, na mtazamaji anachoweza kujifunza kwake ni kwamba ulipiga. Haumwambii chochote kuhusu waliouburuta. Injini inayozunguka hulazimisha maswali mengine: nani aliitunza, kwa vifaa gani, kwa nini silinda ya tatu imechakaa kuliko nyingine, kiraka hiki kilipigwa wapi na kwa haraka ya namna gani. Mtoto aliyesimama kando akiuliza kwa nini moshi una rangi ya samawati ameingia kwenye vita kwa mlango wa jikoni, anakutana na dereva na fundi kabla ya kukutana na jenerali.

Kwa sababu hiyo daftari ni chombo cha kwanza katika kazi hii, mbele ya jeki na spana. Ukurasa wa kwanza unahitaji tarehe, namba ya chesisi na ya injini, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, rangi ya plagi nne kwa mpangilio wake, na vipimo vinane vya kompresheni, vinne vikavu na vinne vyenye oili, vyote vikiwa vimeandikwa kabla ya boliti yoyote ya hedi kulegezwa. Ukurasa wa pili ni wa viraka: kila kimoja kichorwe mahali kilipokutwa, na ile gasketi ya boksi ibandikwe hapo kwa gundi, ikiwa bado na herufi za bidhaa iliyowahi kufungwa ndani yake.